Nilipoandika Nina Watoto Watatu

Hosteli ya Wafanyakazi,
Ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na watoto. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulisema unalala nao na kuamka nao, nikakwambia ununue dawa ya kuchua, na najua hukununua. Na pumu ya huyo mwanetu Mwalimu imetulia? Nimesikia siku hizi anawasahihisha hata wageni wanapoongea. Mwambie aendelee, ila anayemlipia ada amwache aongee anavyojua.

Mimi ni mzima wa mwili. Kazini nakwenda, chakula nakula japo hakina ladha mdomoni. Zaidi ya hapo siwezi kukudanganya kwamba mambo ni shwari.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yangu ikilia hapo watoto wote wanakupanda mabegani, na ujumbe nikituma, Mwalimu anausoma kabla yako. Haya ninayotaka kukueleza hayasemeki mbele yao. Soma kwanza peke yako, ukishamaliza utaamua nani aambiwe nini.

Juzi nilikutumia ujumbe kwamba usimpe mtu yeyote vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ukanijibu kwa alama ya kuuliza tu. Ulikuwa na haki. Narudia tena hapa: kuna mtu anaweza kuja hapo akasema nimemtuma. Atajua jina langu, atajua hata rangi ya mlango wako, maana nilivitaja mwenyewe. Usimpe kitu. Mpe maji ya kunywa akiomba, kisha aende zake. Sababu ni ndefu, nivumilie.

Unajua kazi yangu huku ni ileile ya mikono yangu, isipokuwa huku nashona viti vya mabasi. Mabasi yanakuja na viti vimechanika, tunavivua vitambaa, tunabadilisha sponji, tunashona upya. Mwaka ulipokwisha msimamizi wetu alimpa kila mmoja karatasi inayoonyesha mshahara wake wa mwaka mzima, akasema kila mtu ajaze mwenyewe fomu ya kodi ya mapato. Mimi nilicheka, nikidhani ni utani. Nyumbani nilikuwa na kibanda na cherehani. Mtu wa ushuru alipita, nikampa, akaenda. Huku kodi wanakukata kila mwezi bila kukuuliza, halafu mwaka ukiisha ndipo wanataka uwaeleze wewe ni nani, unaishi na nani, na ni nani anakula kupitia mkono wako.

Mwenzangu wa chumba, yule niliyekwambia ni mpishi wa hospitali, amekaa huku muda mrefu na anajua fomu zao. Alikaa kitandani kwake na simu, mimi kitandani kwangu na makaratasi, yeye akawa anauliza na mimi najibu. Tukafika mahali akauliza, "Watoto?"

Nikasema, "Watatu." Wala sikuinua kichwa.

Akaandika. Akataka tarehe za kuzaliwa, nikazitaja moja baada ya nyingine, hata ya Kitinda, ambaye kaka alikuwa ameshazikwa alipozaliwa. Mpishi hakuniuliza zaidi, na mimi sikuona cha kueleza.

Shemeji, sikudhani nadanganya. Ningesema nini? Nyumbani mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nasema watatu na hakuna anayeguna. Mimi ni baba yao mdogo, mtoto wa kaka yangu ni wangu. Na huyo Kitinda ni wewe mwenyewe uliyesema, akiwa bado mgongoni, kwamba akianza kuongea atahitaji mtu wa kumwita Baba, na hutaki aiite picha. Basi amenikuta mimi, na mimi nimeitika tangu siku hiyo.

Baadaye wakaniwekea benki fedha walizosema nilikatwa zaidi, kwa kuwa nina watoto. Ndizo nilizokutumia ukaezeka jiko na kumlipia Binti Mkubwa muhula. Mpishi akaniambia, kama ofisi ya kodi imewatambua watoto, hata ofisi ya wageni itawatambua. Mtu mwenye kazi anaruhusiwa kumwombea mwanawe aje kusoma. Nikamwombea Binti Mkubwa. Ndiyo maana nilisema apigwe picha zile za ukuta mweupe. Sikutaka aambiwe mapema, lakini unamjua, alihisi mwenyewe, na wiki haikupita alikuwa ananiandikia maneno ya lugha ya huku aliyojifunza kwenye simu ya rafiki yake, akiniuliza kama yako sawa.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi ya kodi. Wanataka vyeti vya kuzaliwa vyenye jina langu kama baba, na maelezo kuhusu mama wa watoto na uhusiano wangu naye. Nikishindwa kuvitoa, itahesabiwa kwamba nilitoa maelezo ya uongo ili kujipatia nafuu ya kodi. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba maelezo ya uongo yanaweza kufanya kibali changu cha kuishi kitazamwe upya.

Nilimpa Mpishi aisome, akaisoma mara mbili, akakaa. "Kwani si wako?" akaniuliza.

"Ni wangu. Ni wa marehemu kaka."

Akashika kichwa. Hakunilaumu, na mimi simlaumu. Yeye aliuliza neno moja, mimi nikajibu neno moja, na kwa lugha yetu sote wawili tulikuwa tunasema kweli.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Kazini nilishona kiti kizima kitambaa kikiwa kimegeuzwa ndani nje, msimamizi akakiinua juu kila mtu akione, wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao nisije nikalia. Nikaenda chooni, nikafungua bomba maji yakatiririka kwa kelele, ndipo nikalia. Kila nilichofikiria kilikuwa na ukuta mbele yake. Nikifukuzwa, ada inakatika, dawa za Mwalimu zinakatika, na mama mzee atauliza nimerudi na nini. Nikisema watoto si wangu, Binti Mkubwa haji. Nikisema ni wangu, nina uongo mdomoni na sina cheti. Ilifika mahali nikawa natamani nipate ajali ndogo tu ya kuvunjika mkono, ili wanihurumie. Mtu mzima anatamani kuvunjika mkono, na mikono ndiyo mtaji wangu wote.

Hapo ndipo nikapelekwa kwa mtu mmoja wanayemwita Mhuri. Anakaa kwenye mgahawa karibu na ofisi za serikali, shati limepigwa pasi, simu tatu mezani. Wageni wengi wanapita kwake. Nilimweleza shida yangu, akanisikiliza huku akikoroga chai.

"Kwenu ni rahisi," akasema. "Nina mtu wangu huko. Atakwenda kwa shemeji yako, atachukua vyeti vya zamani, vitatoka vipya. Wewe baba, yeye mama, mmeoana."

"Nimeoana na shemeji yangu?"

"Kwenye karatasi."

"Na kaka yangu je?"

Akanitazama kama vile nimemwuliza bei ya kitu asichouza. "Kaka yako amekufa, ndugu yangu. Hatalalamika."

Nilipaswa kuondoka pale pale. Sikuondoka. Nilitoa kianzio, nikampa namba yako, nikamwelekeza nyumba. Sikufichi kitu, Shemeji, hata unichukie. Mtu aliye majini hachagui cha kushika, na mimi nilishika chochote kilichokuwa karibu. Akasukuma karatasi, akaniambia niandike jina la baba kama ninavyotaka lisomeke.

Nikashika kalamu, nikaandika jina langu. Kisha nikaandika la baba yetu, nikaandika la babu yetu. Nikalitazama. Mimi na kaka tunatofautiana jina moja tu, yanayofuata ni yaleyale. Kumbe kazi yote ya Mhuri ilikuwa kufuta neno moja. Neno moja likifutwa, kaka yangu atakuwa hajawahi kuzaa. Aliyekesha na Mwalimu mlangoni mwa zahanati akimpepea kwa gazeti atakuwa hakuwepo. Na Mwalimu huyo, ambaye hapiti kwenye bango bila kutafuta kosa, siku moja atashika cheti chake mwenyewe akisome.

Niliikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Mhuri akaniuliza naenda wapi, nikasema nakwenda kufikiria. Akasema fikra haziongezi kibali. Kianzio changu kimebaki kwake, na namba yako vilevile. Ndiyo maana nakuonya.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda ofisi ya kodi kwa miguu yangu. Ukumbi wao ni mkubwa, viti vimefungwa sakafuni kwa nati, vimeshonwa vibaya kwenye kona. Nilivitazama viti muda wote kwa sababu nikitazama watu machozi yalikuwa yananijia.

Afisa aliyeniita alikuwa mama wa makamo mwenye mafua makali. Kwa kuwa lugha yao naijua ya karakana tu, alipiga simu kwa mkalimani, akaiweka simu mezani katikati yetu. Ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili safi kabisa. Ukiacha simu za nyumbani, sikuwa nimesikia sauti ya mwanamke ikiongea lugha yetu uso kwa uso, au niseme simu kwa uso, tangu nitoke kwako. Nilitaka niongee naye mambo mengine yote isipokuwa hayo.

"Anauliza, hawa watoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Umewazaa wewe?"

"Amewazaa kaka yangu. Ni marehemu."

Akatafsiri, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko yangu. Afisa akapenga kamasi, akajibu kwa upole lakini akitikisa kichwa.

"Nimejaribu kumweleza," mkalimani akaniambia. "Anasema fomu ina mahali pa mtoto na mahali pa ndugu. Wa kaka anaingia kwa ndugu. Na ndugu anayeishi nje ya nchi hahesabiwi."

"Mwambie wananiita Baba."

"Hilo nimeshamwambia, kaka yangu. Nililisema kabla hujalisema."

Afisa akauliza kama mama yao yuko hai. Nikasema yuko hai. Akauliza kama anawalea. Hapo mkalimani alinitafsiria taratibu, akiwa kama anayeniwekea ngazi: ikiwa mama hawezi kuwalea, na mahakama ya nyumbani ikanikabidhi mimi kwa maandishi, watoto wanaweza kuhesabiwa wangu, na hata yule mkubwa anaweza kuja.

Nilielewa nilichotakiwa kusema. Kilikuwa kimelala pale mezani, ni kukiokota tu.

"Anawalea kuliko mtu yeyote," nikasema.

Kwa hiyo nakueleza njia hiyo ipo, nisije nikaonekana nimeficha. Lakini sikuombi uifuate, na nakukataza, kama shemeji mdogo anaruhusiwa kumkataza mkubwa wake. Usiende mbele ya hakimu kusema huwezi kuwalea watoto wako. Usifanye hivyo kwa ajili ya ada, wala kwa ajili ya machozi ya Binti Mkubwa. Nakujua, unaweza kuamka asubuhi ukavaa kanga yako nzuri ukaenda bila kumwambia mtu. Usiende.

Afisa akachapa karatasi. Mkalimani akanisomea kwa Kiswahili. Ilisema kwamba mimi, niliyetajwa hapo juu, nakiri nilijaza vibaya, na kwamba sina mtoto.

"Nikusomee mara ya pili?" akauliza.

"Hapana."

Nikatia sahihi. Afisa alisukuma lile boksi lake la karatasi laini upande wangu, akasema neno fupi. Mkalimani akasema, "Anasema pole. Hilo halimo kwenye maandishi, amesema tu." Kisha, kabla simu haijakatwa, akaongeza harakaharaka kwa sauti ya chini, "Mimi pia ninao wawili wa dada yangu." Simu ikakatwa. Sijui hata jina lake.

Mambo yameishia hivi. Kwa kuwa nilikwenda mwenyewe na kusema kweli, wameandika kuwa ni kosa la mgeni asiyejua, si udanganyifu. Kibali changu hakiguswi. Lakini zile fedha nitazirudisha zote pamoja na faini, na watakuwa wananikata kwenye mshahara kila mwezi mpaka ziishe, na haziishi leo wala mwaka huu. Ombi la Binti Mkubwa limefungwa. Ofisi hizi zinasomana. Sikupata hata nafasi ya kuliondoa mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye ombi langu, na ninaliandika nikiwa nimepiga magoti. Kuanzia mwezi ujao nitaweza kutuma nusu tu ya nilichokuwa natuma. Nimetafuta kazi ya jioni, ya kufagia mabasi hayohayo ninayoshonea viti, bado hawajanijibu. Nakuomba usimtoe mtoto yeyote shuleni. Uza cherehani yangu. Najua umeifunika kwa shuka na hutaki iguswe mpaka nirudi, lakini iuze. Fundi viatu wa jirani alikuwa anaitamani tangu zamani, atakupa bei nzuri akiona huna haraka, kwa hiyo usimwonyeshe una haraka. Nikirudi nitaanza na sindano ya mkono, nilianza nayo hata mwanzo.

Binti Mkubwa sijui nimwambie nini. Nimeandika barua yake nikachana, nikaandika tena nikachana. Jana ameniandikia sentensi ndefu kwa lugha ya huku, inasema anataka kuona chumba changu, na haikuwa na kosa hata moja. Bado sijamjibu. Kama unaweza, mwambie kwamba haji, na useme ni sheria, usiseme ni mimi. Au sema ni mimi. Akihitaji mtu wa kumkasirikia, niko mbali, nitastahimili.

Shemeji, kuna wakati kazini nasimamisha mashine na kujiuliza nashona kwa ajili ya nani. Mahali fulani kuna kabati lenye karatasi inayosema sina mtoto, na sahihi ni yangu, hakuna aliyenishikia mkono. Najua niliandika ili watoto wasimpoteze baba yao mara ya pili. Najijibu hivyo kila siku. Nikishajibu, swali linarudi vilevile. Niombee. Sina mtu mwingine wa kumwambia haya. Mpishi ananiachia sahani mezani, anageukia ukutani, ndiyo namna yake ya kunipa pole.

Nisalimie mama mzee. Mwambie naendelea vizuri, macho yake hayaruhusu kusoma hii na masikio yake hayahitaji kuisikia. Nisalimie shangazi, umwambie viatu alivyoagiza vitasubiri. Nisalimie Mwalimu, na umwambie barua hii ikiwa na makosa ni kwa sababu mkono huu umezoea sindano kuliko kalamu. Binti Mkubwa mkumbatie kwa ajili yangu kabla hujamwambia, na baada ya kumwambia mkumbatie tena.

Kuhusu Kitinda, sitaki kukuamulia. Labda asijue kitu. Labda ni vizuri ajue mapema kwamba ana baba aliyekufa na baba mdogo aliye mbali, asije akaambiwa na watu wa ofisini kama nilivyoambiwa mimi. Wewe ndiye mama yake. Ila ukimfundisha aanze kuniita Baba Mdogo, nitumie neno moja kabla ya simu yetu ya Jumamosi, nijiandae. Nisije nikanyamaza akiniita hivyo, akadhani simu imekatika.

Mungu awafunike nyote, akupe nguvu za mgongo na za moyo.

Nakupenda na kukuheshimu daima,
Shemeji yako.